Majengo Inatukopesha, Sisi Tunawalipa Wengine

Kuna daftari moja Majengo ambalo ganda lake limeshapotea. Linakaa juu ya ndoo ya unga, pembeni ya jiko la mkaa, na limezungushiwa mpira ili kurasa zisitoke. Ukilifungua utakutana na sisi. Hakuna majina kamili, maana mwenye daftari hakuwahi kutuuliza. Kaandika kwa jinsi anavyotujua: "Miwani", "Dada wa hosteli", "Begi jekundu", "Wale wawili wa Singida". Mbele ya kila mmoja kuna tarakimu: 2,000, 3,500, 1,500, halafu 2,000 tena. Mistari michache imekatwa kwa kalamu ya bluu, yaani huyo kalipa. Mingi haijakatwa.

Mimi nilikuwa "Ticha". Mbele ya Ticha palikuwa na 14,500, na ilikaa pale miezi mitano.

Sitaki kujitetea sana. Semista ile bumu lilichelewa, na kila mtu anakumbuka hali ilivyokuwa. Asubuhi nilikuwa nakunywa mtori, mchana wali maharage, na kila nikimaliza nasema, "Mama, andika." Naye anaandika. Hakuwahi kuniuliza baba yangu anafanya kazi gani, wala kudai kitambulisho. Bumu lilipotoka nikanunua viatu. Ndiyo, viatu. Halafu wenzangu watano wakasema twende Arusha tukale bata kidogo, tumeteseka sana, nami nikaona hoja ina mashiko. Tulivyorudi nilibaki na hela ya nauli na ya fotokopi. Ya mama haikuwepo. Nikabadilisha njia ya kupita.

Siku moja tukagongana soko la Mbuyuni, yeye kabeba mfuko wa nyanya. Nikatoa shikamoo ya chinichini.

"Marahaba, mwalimu," akasema. "Umehama mtaa?"

Basi. Hakutaja deni. Alinisogezea mfuko nimshikie wakati anatafuta chenji, akanishukuru, akaondoka. Ningependa angenitukana.

Ninaandika haya kwa sababu wiki ileile ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo orodha ya waliopewa kazi za usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Chakula, kampuni ya kutoka Arusha. Fulana, Dar es Salaam. Muziki na jukwaa, Arusha tena. Hata mapambo yalitoka nje ya mkoa. Katika orodha nzima hapakuwa na mtu mmoja wa Majengo, wala wa Pasua, wala wa Njoro, wala wa mtaa wowote unaotulisha sisi kwa daftari. Nilisimama pale kama dakika kumi, nikapiga hesabu yangu na ya serikali yetu ya wanafunzi pamoja, nikaona ni hesabu moja. Tukiwa hatuna kitu, tunakwenda Majengo. Tukipata, tunapanda basi.

Ndilo jambo langu leo. Wanaosema tuwasaidie wafanyabiashara wadogo wana nia nzuri, lakini wamegeuza mambo kichwa chini. Majengo ndiyo inayotusaidia sisi. Ni benki yetu isiyo na fomu. Tunachodaiwa ni malipo, tena kwa wakati.

Kwa wageni wa mji huu, na najua wengi mmekuja kutoka mbali: karibu kila mji wa Afrika Mashariki una Majengo yake. Mombasa ipo, Nairobi ipo kule Pumwani, Dodoma ipo. Jina lenyewe linakuambia watu walijijengea. Miji ya kikoloni iligawanywa kwa rangi. Mzungu alikaa penye hewa na miti, Mhindi akakaa penye maduka, na Mwafrika akaonyeshwa eneo na kuambiwa ajenge. Majengo ya Moshi leo ni kata ya manispaa kama nyingine, ina watu wa kila kabila. Ukiingia asubuhi utaona Mpare anafungua duka la vifaa vya umeme na Mchaga anapanga ndizi. Kuna fundi cherehani, fundi wa kuchomelea mageti, saluni tatu zinazotazamana, kijana wa kuchapa na kulaminisha, na mzee wa kushona viatu anayejua viatu vya nusu ya chuo hiki.

Hapo kwenye biashara za Moshi kuna kichekesho kimoja. Nchi nzima, kuanzia Mbagala mpaka Mwanza, mwenye duka la mtaani anaitwa Mangi, hata kama ni Mkurya. Yaani watu wa mlima huu wamefungua maduka mengi kiasi kwamba jina la chifu wao limekuwa jina la kazi. Halafu mwanafunzi anayesoma hapahapa chini ya mlima anapita maduka saba ya Mangi kwenda kununua mkate dukani penye kiyoyozi na kamera. Ukimuuliza kwa nini, anasema mkate ni mzuri. Nimeshakula mikate yote miwili. Tusidanganyane.

Turudi kwenye daftari. Nilipoamua kulipa, nitasema baadaye ilikuwaje, nilikaa na mama yule karibu saa nzima kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Nikamuuliza anawezaje kutukopesha watu wote hawa. Akacheka. Akaniambia kuhusu kikoba chake.

Wengi wetu tunasikia neno kikoba tunadhani ni mambo ya kina mama kukaa na kunywa chai. Ngoja nieleze kinavyofanya kazi, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua. Wanachama, mara nyingi kati ya kumi na tano na thelathini, wanakutana kila wiki siku ileile saa ileile. Kila mmoja ananunua hisa kwa bei waliyokubaliana, na pembeni anatoa kiasi kidogo cha mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba au ugonjwa. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa mpaka mara kadhaa ya hisa zake, halafu anarudisha na riba. Mwisho wa mzunguko wanavunja sanduku na kugawana, na ile riba inarudi kwao wenyewe kama faida. Hakuna karani wala mlango wa vioo, na atakayechelewesha rejesho anatazamwa usoni na watu wanaomjua tangu utotoni.

Sasa sikilizeni. Ile hela ya mchele, maharage, mkaa na nyama ya mtori, mama anaikopa kwenye kikoba. Anailipia riba. Sisi tunakula, tunasema andika. Siku ya kikao ikifika, yeye hana wa kumwambia andika. Anatoa rejesho, bumu litoke lisitoke. Mwaka jana, anasema, ilibidi auze jiko lake kubwa la gesi ili afunge deni, akarudi kwenye mkaa, na wadaiwa wake wakubwa walikuwa wamemaliza mitihani na kuondoka. Wengine wameshaajiriwa. Kuna mmoja anamwona kwenye simu ya binti yake, kavaa joho, watu wamemtupia maua.

Kwa hiyo yule mwanamke analipa riba ya chakula tulichokula sisi. Sijui darasa la uchumi linaliitaje jambo hilo. Mimi nasoma elimu, sina jina lake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili tunalifanya Moshi, mji ambao ungepaswa kujua. Huwezi kuishi hapa miaka mitatu bila kupita mbele ya jengo la KNCU. Wengi tunapita tu, tukienda benki. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga, akiwamo Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa. Wakati ule walowezi wa Kizungu hawakutaka kabisa Mwafrika alime arabika. Walisema atazaa wadudu shambani, atashusha ubora, na la chini kwa chini ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hataenda kuwa kibarua kwenye shamba la mwingine. Wakulima wakaungana kulinda haki ya kulima na kutafuta soko wenyewe. Mwaka 1933 chama kile kikageuzwa kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha kwanza Tanganyika. Fedha ya kahawa ilijenga shule kwenye vihamba na kusomesha watoto ambao baba zao hawakujua kusoma. Nchi ilipotaka chuo cha kufundisha ushirika, chuo kilianzishwa Moshi mwaka 1963, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Wanafunzi tumejaa mji huu kwa sababu kuna watu waliwahi kuamua kuuza kahawa kwa pamoja.

Hii ndiyo hadithi tunayopenda kuisimulia. Nusu ya pili hatuisimulii. Mwaka 1937, miaka minne tu baada ya KNCU kuanza, wakulima walewale waliasi. Bei ilikuwa imeshuka, sheria iliwalazimisha kuuza kupitia chama, na wengi walianza kuona chama si chao tena, ni cha meneja na serikali. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na sheria ya 1982 ikaviruhusu virudi. Halafu msimu wa 1994/95 soko la kahawa likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wanunuzi wale walikuja vijijini na fedha mkononi. Chama kilikuwa na utaratibu wa malipo ya kwanza, kisha usubiri mnada, kisha malipo ya pili. Mkulima mwenye ada ya mtoto ya kulipa Jumatatu atasubiri nini? Wengi wakauza kwa mwenye noti. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwanachama mpaka anakufa, na hata yeye alikuwa anapeleka magunia mawili ushirika na moja "pembeni".

Watu wameandika mengi kuhusu kudorora kwa ushirika: siasa, wizi, bei ya dunia, mibuni kuzeeka. Sipingi. Lakini ukiongea na wazee wa kihambani hutasikia kwanza neno ufisadi. Utasikia "walikuwa wanatuchelewesha". Mtu anaweza kuvumilia bei ndogo kwa sababu chama ni chake. Kucheleweshewa malipo mwaka hadi mwaka hakuvumiliki, kwa sababu kunakuambia kwamba shida zako hazina haraka.

Na sisi tunawaambia hivyo hivyo watu wa Majengo kila semista.

Nilikuwa nasoma kuhusu mji wa Durham, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Nilianza kusoma kwa ajili ya kazi ya darasani, nikajikuta siwezi kuacha. Durham ulikuwa mji wa tumbaku kama Moshi ilivyo mji wa kahawa. Mwaka 1898, wakati Waafrika wa Marekani wa kusini walikuwa wananyang'anywa hata haki ya kupiga kura, watu weusi wa Durham walianzisha kampuni ya bima, North Carolina Mutual. Mmoja wa waanzilishi, John Merrick, alizaliwa mtumwa na alikuwa kinyozi. Miaka kumi baadaye ikafunguliwa benki yao, Mechanics and Farmers, kwa ajili ya watu waliokuwa hawakopeshwi kwingine. Mtaa wao, Hayti, ulikuwa na maduka, makanisa, hospitali, maktaba. Mwaka 1910 James Shepard akaanzisha hapohapo shule ambayo leo ni chuo kikuu, North Carolina Central. Yaani bima, benki, mtaa na chuo vilikulia pamoja, na shilingi ya mmoja ilipita kwa mwingine kabla ya kutoka nje.

Hayti ilivunjwavunjwa miaka ya 1960 na kuendelea, serikali ilipopitisha barabara kuu katikati yake kwa jina la kuboresha mji. Nyumba nyingi na biashara nyingi zikaondoka. Benki ipo mpaka leo. Mtaa wenyewe haukurudi ulivyokuwa.

Sisemi Majengo ni Hayti. Hapa hakuna anayetukataza kuingia dukani kwa rangi yetu, na mama wa mtori hana kampuni ya bima. Ila kilichonishika ni kile chuo. Kilikuwa sehemu ya mtaa. Chuo chetu sisi kina ukuta, geti na mlinzi, na tukitoka getini tunasema "tunashuka mtaani" kama watalii.

Niseme kidogo kuhusu sanaa, kwa sababu huko hali ni mbaya kuliko kwenye chakula. Majengo na mitaa jirani kuna vijana wanaopiga ngoma, wanaocheza sarakasi, wanaochora, wanaorap. Kuna kundi moja nimelifuatilia tangu mwaka wa kwanza, linafanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi jioni, ngoma zao mbili zimewambwa upya mara sijui ngapi. Chuo kikiwa na usiku wa utamaduni, kundi lile linaitwa. Wanakuja, wanatoa jasho, sisi tunarekodi kwa simu, video zinasambaa. Malipo? Wanapewa soda na sahani ya pilau, na kiongozi mmoja anawaambia, "Hii ni nafasi ya kujitangaza." Kisha dijei aliyetoka Arusha, aliyebonyeza vitufe kwa saa tatu, analipwa kabla hajashusha spika kwenye gari. Nilikuwepo. Nilisaidia kubeba spika.

Na hapo barabara ya Arusha, kabla hujafika mjini, kijiji cha Imbaseni karibu na Usa River, kuna kituo ambacho nadhani kila kiongozi wa wanafunzi angepaswa kukitembelea mara moja. Kilianzishwa mwaka 1991 na Pete O'Neal na mkewe Charlotte, Wamarekani weusi kutoka Kansas City waliofika Tanzania mwaka 1972. Pete alikuwa mwenyekiti wa tawi la Black Panther la mji ule. Watu wakisikia Black Panther wanawaza bunduki na koti la ngozi. Lakini moja ya kazi zao kubwa, kule Oakland na kwenye miji mingine ikiwamo Kansas City, ilikuwa kuwapikia watoto kifungua kinywa bure kabla hawajaenda shule. Imbaseni wamejenga madarasa, wamechora kuta zote, na vijana wa kijiji wanajifunza lugha, kompyuta, uchoraji na muziki bila ada. Charlotte mwenyewe ni mshairi na mwanamuziki, wengi wanamwita Mama C. Ninachowapendea ni mpangilio wao: chakula, chumba, chombo cha kupigia, ndipo jukwaa. Sisi tumeanza na jukwaa, na mengine yote tumemwachia mwenye ngoma ajitafutie.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeshapewa kwenye kikao cha wawakilishi wa madarasa. La kwanza, ubora. Eti fulana za mtaani zinachuja, chakula cha mtaani kina mashaka. Sawa, zipo zinazochuja. Za mwaka jana kutoka Dar nazo zilichuja, mimi yangu nimefanya dekio, na hakuna aliyesema Dar es Salaam yote haifai. Tena tuwe wakweli: fulana yenyewe haitengenezwi Dar wala Moshi, inakuja tupu kutoka nje. Kinachonunuliwa ni uchapaji. Mashine ya kuchapa ipo Majengo. Kuhusu chakula, sisi hao hao tunakila siku tano kwa wiki na hatujafa. Kinakuwaje na mashaka siku ambayo kitalipiwa?

La pili ni risiti, na hili ni zito, silipuuzi. Mweka hazina lazima aonyeshe karatasi. Wanataka namba ya mlipakodi, leseni, risiti ya mashine, akaunti ya benki yenye jina la biashara, na uwezo wa kusubiri malipo siku thelathini, ambazo kwa kawaida zinakuwa sitini. Mama wa mtori hana mashine, na kwa mauzo yake sheria haimlazimishi kuwa nayo. Siku sitini akisubiri, sanduku lenye kufuli tatu halisubiri. Kwa hiyo masharti yale, hata kama hakuna aliyekusudia, yanamtoa nje kabla hajaomba.

Lakini hili lina dawa, na serikali yenyewe imeshaonyesha njia. Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalum: wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinatakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato ya ndani kama mikopo isiyo na riba kwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu ikarudi mwaka uliofuata, kwa hiyo sisemi mambo ni malaika. Nasema kikundi kilichosajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii kinatambulika kisheria, kina katiba, kina akaunti. Vikoba vingi vya Majengo tayari vimesajiliwa. Mama mmoja peke yake hawezi kulisha watu mia nne usiku mmoja. Kikundi cha kina mama kumi na wawili kinaweza, na wanafanya hivyo kila Jumamosi kwenye misiba na harusi za mji huu, kwa masufuria ya kuazimana, bila kuchelewa.

Pendekezo langu kwa bunge letu la wanafunzi ni dogo na naomba lijadiliwe kabla sijaondoka kwenda mazoezi ya kufundisha. Kazi yoyote ya serikali ya wanafunzi yenye thamani chini ya shilingi milioni tatu itangazwe kwanza kwa vikundi vilivyosajiliwa Moshi, kwa karatasi ya Kiswahili, ibandikwe ofisi ya kata na si kwenye ubao wetu tu. Nusu ya fedha ilipwe kabla, nusu siku ya kazi, kwa simu, mbele ya watu wawili. Wasanii walipwe kiwango kilichoandikwa, na neno "kujitangaza" lisihesabiwe kama malipo. Na orodha ya waliopewa kazi ibandikwe na kiasi walicholipwa, ili atakayempa mjomba wake tuone. Maana hilo ndilo la tatu ninaloambiwa, kwamba tenda za mtaani zitakuwa za kujuana. Za Arusha ni za kutokujuana?

Kuna jambo sitaki kulipendekeza, kwamba chuo kimkate mwanafunzi deni la mama lishe kwenye bumu. Nimelisikia kwa wenzangu wenye hasira nzuri. Likifika huko, daftari litageuka fomu, na mama atadaiwa vielelezo. Hapana. Deni la mtu mzima alilipe mtu mzima, kwa miguu yake.

Mimi nililipa Jumamosi moja ya mvua. Viatu nilikuwa nimevivaa, vikaingia tope kuanzia kwenye mtaro, na hilo nadhani lilikuwa sawa. Nilikuta ana wateja wawili, nikasubiri. Nikampa 15,000, nikasema ile 500 abaki nayo. Akakataa. Akatafuta kwenye kanga, akanirudishia sarafu ya 500, ndipo akachukua kalamu ya bluu akakata "Ticha" kwa mstari mmoja ulionyooka. Mvua ikaongezeka, akanivutia kigoda, akaweka kikombe cha chai ambacho hakukiandika.

Tulipomaliza habari za kikoba, akafungua tena daftari, akarudi nyuma kurasa kama sita hivi, akaweka kidole.

"Huyu wa begi jekundu," akaniuliza, "siku hizi anafundisha wapi? Nilisikia alipata kazi. Alikuwa anapenda sana ndizi nyama."